Gari la familia likizeeka: IST, Spacio na Noah mikononi mwa mafundi

Toyota IST iliingia sokoni nchini Japani mwaka 2002, na toleo lake la kwanza likakoma kutengenezwa mwaka 2007. Hata ile iliyotoka kiwandani mwishoni kabisa imekwisha kuwa gari kuukuu, lakini katika miji ya Tanzania bado ni gari la familia la kila siku. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inashinda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na Desemba inapandishwa Moshi au kuteremshwa Lindi ikiwa imejaa watu na mizigo hadi juu. Inaishi hivyo pamoja na Corolla Spacio, Raum, Vitz, Premio na Noah, magari ya rika moja, ya kampuni moja, ambayo kwa sehemu kubwa yanaugua maradhi yanayofanana.

Umri wa magari haya hausomwi kwenye namba za usajili. Anayenunua “namba D” mtaani, yaani gari ambalo herufi zake za usajili zinaanza na D, anajua tu ni lini gari liliandikishwa Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa ni jambo jingine, na tofauti ya miaka kumi au zaidi ni ya kawaida. Sheria za nchi zina mchango wake katika umri huo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukomo, ila inatoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8, na mkubwa zaidi likizidi 10. Familia yenye kipato cha wastani hulipa ushuru huo na kuchukua gari la zamani, kwa kuwa jumla yake bado ni nafuu kuliko gari jipya kidogo.

Huko linakotoka nako kuna sababu. Japani humtaka kila mwenye gari la familia alipeleke kwenye ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, linapotimiza miaka 3 tangu likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake si ndogo. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Wengi huona heri waliuze kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Kwa hiyo gari hufika bandarini likiwa limetunzwa kwa kulazimishwa na sheria kwa miaka kumi na zaidi, kisha utunzaji huo unakatika ghafla. Miaka miwili mitatu ya kwanza huwa ya raha, na wamiliki huisimulia kwa namna moja: gari halikudai chochote zaidi ya mafuta na oili. Raha hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wa Kijapani waliobadilisha mikanda, mipira na maji ya rejeta kwa wakati. Vitu hivyo vikifika mwisho wa muda wake hudai kwa pamoja, na hapo ndipo mwenye gari huanza kusema gari limeharibika.

Sifa ya uimara wa IST imejengwa na injini yake. Zipo mbili: 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,497. Zote ni za silinda nne na zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna ile hofu ya mkanda kukatika njiani. 1NZ-FE hiyohiyo imo ndani ya Raum, Probox na ile Corolla ambayo Wakenya huiita NZE, na ndugu yake wa karibu ndiye aliyefungwa kwenye Prius ya kwanza mwaka 1997. Wingi huu ni faida kubwa kwa mwenye gari: fundi wa Singida ameshaifungua, fundi wa Mombasa ameshaifungua, na spea zake hazisakwi kwa siku nzima. Mpaka wake ni kwamba blok ni ya alumini, na kuta za silinda zimevikwa chuma chembamba ambacho hakikukusudiwa kuchongwa upya. Injini za kizazi cha nyuma zikichakaa zilichongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Hii ikichakaa, njia inayotumika zaidi ni kuitoa na kufunga nyingine iliyotumika kutoka Japani.

Si vema kudhani kila Toyota ya miaka hiyo ina injini ya namna hii. Spacio ya cc 1,800 inatumia 1ZZ-FE, na matoleo yake ya awali, hadi kufikia mwaka 2002 hivi, yanajulikana kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi, na ringi zikanata. Mwenye Spacio ya namna hiyo huweka lita moja ya akiba kwenye buti na kuizoea hali hiyo, lakini asipopima kijiti kila wiki injini inanoki bila kuonyesha taa yoyote mapema. Noah nayo ina sura mbili. Ile ya zamani, iliyotengenezwa hadi mwaka 2001, ina injini ya 3S-FE chini ya viti vya mbele na inavuta kwa tairi za nyuma. Ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Iliyofuata ina 1AZ-FSE, maarufu kama D-4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni teknolojia nzuri kwa matumizi ya mafuta, ila petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingizia hewa na kuziosha, hivyo masizi hujikusanya, mlango wa hewa huchafuka, na mngurumo wa gari lililosimama kwenye taa huanza kupanda na kushuka. Familia nyingi zimeipenda Noah kwa nafasi yake kisha zikaiuza kwa sababu ya D-4 iliyoguswa na mafundi wasioijua. Anayechagua gari la watoto wanne afungue boneti na kusoma namba ya injini kabla ya kuhesabu viti.

Ugonjwa unaoua magari mengi zaidi ya kundi hili ni kuchemsha. Silinda hedi ni ya alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Gasketi huachia, maji yakaingia kwenye oili au gesi ya silinda ikapenya kwenye maji. Dalili zake zinajulikana kwenye kila gereji: moshi mweupe usiokoma, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu ndani ya rejeta, na maji yanayopungua bila kuonekana yanapovujia. Gari likifika hapo, hedi lazima ishushwe, ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, na gasketi iwekwe mpya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri gari hurudi barabarani kwa miaka. Ikifanywa haraka, kwa gasketi hafifu na boliti zilizokazwa bila kipimo, linarudi gereji mwezi uleule.

Jambo la kusikitisha ni kwamba safari ya kufika huko huanza na vitu vya bei ndogo. Rejeta za magari haya zina matenki ya plastiki yaliyobanwa juu ya alumini. Plastiki hiyo hukauka kwa joto na miaka, rangi yake ya weusi hugeuka kahawia, na siku moja hupasuka kwenye mshono. Mfuniko wa rejeta una springi na mpira. Kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa, na mpira ukichoka, presha haipo na maji huchemka mapema. Feni ni ya umeme, hivyo fyuzi au rilei moja mbovu inatosha kuizima katikati ya foleni ya Ubungo, mahali ambapo hakuna upepo wa kupoza.

Kisha kuna desturi mbili za mtaani ambazo zinastahili kukomeshwa. Ya kwanza ni kujaza maji ya bomba au ya kisima. Kulanti si rangi tu. Inazuia kutu, inalinda alumini na kulainisha pampu ya maji. Maji ya chumvi, ambayo ni ya kawaida Dar es Salaam na mikoa ya kati, huacha ukoko ndani ya njia nyembamba za rejeta na kula alumini taratibu. Ya pili ni kutoa themostati. Fundi huitoa akisema “nchi yetu ni ya joto, haina kazi,” na gari linaonekana kupoa. Lakini themostati ya injini hizi hufunguka karibu na nyuzi 82, na kompyuta ya injini imepangwa kutarajia joto hilo. Injini ikibaki ya baridi, kompyuta huongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Mwenye gari hulalamika miezi mingi kwamba IST yake inakunywa mafuta, hubadilisha plagi, husafisha nozeli, na chanzo kipo kwenye kipande cha chuma kilichotupwa siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, gari lililokuwa likichemsha kwa sababu ya rejeta iliyoziba bado lina rejeta iliyoziba. Ugonjwa umefunikwa tu hadi safari ya Desemba.

Oili ni habari fupi zaidi. Toyota ilizipangia injini hizi oili nyepesi, 5W-30 kwa kawaida, na 1NZ inachukua chini kidogo ya lita nne pamoja na filta. VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, huendeshwa na oili inayopita kwenye vichujio vidogo sana, hivyo oili iliyogeuka tope huiziba. Tabia ya kumimina 20W-50 ili kunyamazisha kelele au kupunguza moshi inampa mwenye gari muda kidogo, haiipi injini. Kubadilisha kila kilomita 5,000 kunafaa kwa gari linaloishi kwenye foleni, kwa kuwa saa nyingi za kunguruma likiwa limesimama hazisomeki kwenye odometa.

Giaboksi ya otomatiki ya IST ya kwanza hutaka oili iitwayo T-IV. Toleo la pili la IST, la kuanzia mwaka 2007, lina giaboksi ya CVT inayotumia mkanda wa chuma na oili yake ya pekee. Kumimina oili ya kawaida ya otomatiki kwenye CVT ni kuiua, na zimekufa nyingi kwa njia hiyo katika gereji ambazo dumu moja hutumika kwa kila gari.

Kazi za chini, yaani bushi, boljointi, shokomzoba na mipira ya drive shafti, hazihitaji maelezo marefu kwa yeyote anayeishi mtaa wa barabara ya vumbi. Kinachosahaulika ni kwamba mpira huzeeka kwa miaka hata kama kilomita ni chache. Gari lililofika likiwa na kilomita 60,000 za kweli bado lina bushi za miaka kumi na mitano. Tairi zina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Oili ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewani kadiri muda unavyopita, na ikifyonza hushuka kiwango chake cha kuchemka. Mjini mtu hawezi kutambua. Kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, gari likiwa na watu watano na mizigo, kanyagio linazama na breki hazishiki. Kubadilisha oili hiyo kila miaka miwili ni kazi ya saa moja, na hakuna matengenezo mengine ya bei hiyo yanayolinda uhai wa familia kwa kiasi hicho.

Taa ya injini ndiyo iliyobadilisha uhusiano wa mwenye gari na fundi. Zamani fundi alisikiliza na kunusa. Sasa kuna kompyuta inayotunza namba za hitilafu, na mashine ya kuzisoma imekuwa ya kawaida hata kwenye gereji bubu. Tatizo ni jinsi namba hizo zinavyotafsiriwa. P0301 ina maana silinda ya kwanza inamisi. Haisemi koili imekufa. Fundi makini huihamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, kosa liko kwenye plagi, nozeli au silinda yenyewe. Jaribio hilo halina gharama yoyote. Fundi asiye makini hununua koili nne, kisha plagi nne, kisha sensa, na kila spea mpya inalipiwa na mwenye gari. Ukikusanya risiti za wamiliki wanaosema gari lao limewafilisi, mara nyingi sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye spea zilizobadilishwa kwa kubahatisha, na nzima zikatupwa pamoja na mbovu. Wakati mwingine hitilafu yenyewe ilitengenezwa: injini ikioshwa kwa maji ya presha, maji hukaa kwenye visima vya plagi na gari huanza kumisi jioni ileile.

Gereji za mtaani zina wataalamu wake: fundi injini, fundi umeme, fundi wa chini, fundi bodi. Wengi wamejifunza kwa kushika, na miongoni mwao wapo wenye mikono isiyo na mfano. Mivutano hutokea kwenye spea. Fundi akitumwa kununua spea Gerezani, jijini Dar es Salaam, huweka cha juu, na mwenye gari akijua huacha kumwamini hata katika yale anayosema kweli. Waliodumu na fundi mmoja kwa miaka mingi kwa kawaida wameyatenganisha mambo haya mawili: ufundi unalipwa wazi na kwa heshima, spea inanunuliwa na mwenyewe, na kipande cha zamani kinarudishwa kwake akione. Daftari dogo linalobaki ndani ya gari, lenye tarehe, kilomita na kilichofungwa, humsaidia hata fundi mgeni wa njiani.

Soko la spea lina tabaka zake. Kuna orijino ya Toyota. Kuna zilizotengenezwa na kampuni zinazoiuzia Toyota au zinazoaminika katika fani yake, kama Denso kwa koili na plagi, Aisin kwa pampu za maji, KYB kwa shokomzoba. Ubora ni mzuri na bei ni ya chini kidogo. Kuna za bei nafuu zisizo na jina. Kisha kuna feki, ambazo ni mbaya kuliko zisizo na jina kwa sababu zinavaa jina la mwingine. Boljointi za 555, zinazopendwa kote Afrika Mashariki, huigwa mpaka boksi. Upande wa pili ni spea zilizotumika, zinazotoka Japani, mara nyingi kupitia Dubai na Sharjah, na kuuzwa Ilala, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala. Taa, milango, vioo, alteneta, giaboksi na injini za mtumba zinafaa. Pedi za breki, pampu ya maji, mikanda na vitu vya mpira vya mtumba havifai kabisa, kwa kuwa muuzaji anauza uchakavu uleule unaokimbiwa.

Kuna kifaa kimoja ambacho fundi wa mtaani hawezi kukipima na hakuna mwenye gari anayekifikiria. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilitumia amonia naitreti kuijaza gesi, na kemikali hiyo huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu. Mfuko ukifunguka, chombo chake cha chuma kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Watu wameuawa hivyo katika nchi kadhaa. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017, na magari ya watengenezaji wengi yaliitwa yabadilishiwe bure, zikiwemo Corolla nyingi za miaka ya 2000. Hali ya hewa ya pwani yetu ni ile hasa inayoharakisha uharibifu huo, na gari lililosafirishwa kabla ya kuitwa halikufuatwa huku. Tovuti ya Toyota Japani, kwa Kijapani, inaruhusu kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lina kazi ambayo haijafanywa. Waingizaji wa magari wangepaswa kuweka jibu la ukaguzi huo pamoja na nyaraka za kila gari wanalouza.

Kwa anayenunua, nyaraka ndizo zinazosema zaidi kuliko dashibodi, maana odometa hurudishwa nyuma kirahisi. Cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani huonyesha kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi. Pembeni mwa mlango wa dereva au ndani ya boneti mara nyingi hubaki stika ya oili ya gereji ya Kijapani, yenye kilomita na tarehe kwa mwaka wa enzi ya Kijapani, kama Heisei: Heisei 15 ni mwaka 2003. Kilomita za stika zikizidi za dashibodi, mazungumzo ya bei yameisha. Chini ya gari kunatazamwa kutu, hasa kwa lililoishi Hokkaido kwenye chumvi ya theluji au Zanzibar, Tanga na Mombasa kwenye upepo wa bahari, kwa sababu injini inabadilishwa lakini chesisi iliyoliwa haina dawa ya maana.

Hesabu ya kubaki nalo au kuliuza inategemea hayo. Magari mengi ya umri huu yana bima ndogo tu, ya kulipia hasara za wengine, hivyo uharibifu wa gari lenyewe katika ajali unalipwa wote kutoka mfukoni. Injini ikinoki kwenye gari lenye bodi safi, giaboksi nzima na kazi za chini zilizofanywa karibuni, kufunga injini nyingine kwa kawaida kunagharimu kidogo kuliko kulibadilisha gari, ambalo likinunuliwa lingine mtaani litakuja na historia isiyojulikana. Gari lenye kutu, giaboksi inayoteleza na nyaya za umeme zilizokatwa na kuungwa na mafundi watano halistahili injini hiyo. Injini ikibadilishwa, namba yake mpya inapaswa kuandikishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili ilingane na kadi ya gari; wengi huliacha jambo hili hadi siku ya kuuza, na mnunuzi anayesoma kadi huku boneti ikiwa wazi huondoka.